Baiskeli ya Umeme Iliyotumika kwa Safari za Gari-Nyumba: Gari Kwanza, Betri Pili, Bei Mwisho

Kila majira ya baridi yanapoisha Ulaya, wasomaji wanaoishi Uingereza, Ujerumani na Uholanzi huuliza jambo lilelile. Wamepata gari-nyumba, yaani lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, na sasa wanataka baiskeli ya umeme ya kubeba safarini. Mpya ni ghali, kwa hiyo wanatafuta iliyotumika, na huuliza watafute chapa gani na walipe kiasi gani. Maswali hayo ni ya haki, ila yanatangulia pasipo pake. Baiskeli inayomfaa mtu wa kwenda kazini kila siku, anayeilaza gereji na kuichaji kwenye umeme wa nyumbani, yaweza kuwa mzigo mtupu kwa msafiri wa gari-nyumba. Gari lako ndilo linaloamua baiskeli ya aina gani inakufaa, na hali ya betri ndiyo inayoamua bei ya haki. Anayeanza na bei hujikuta na baiskeli nzuri isiyobebeka, au inayobebeka lakini isiyo na betri ya kumfikisha mjini na kumrudisha.

Kwa nini ujisumbue nayo?

Gari-nyumba ni pana na lina kimo kikubwa. Maegesho mengi ya Ufaransa na Hispania yana vizuizi vya kimo cha takriban mita 2, ambavyo gari hilo halipiti. Miji mingi ya Ujerumani ina maeneo ya hewa safi yanayokataa magari yasiyo na kibandiko kinachotakiwa, na London hutoza magari yanayochafua hewa. Matokeo yake msafiri huegesha kambini, nje ya mji, kisha hubaki na kilomita 5 hadi 15 za kufika sokoni, ufukweni au kwenye jumba la makumbusho. Kwa miguu ni mbali, na kuling'oa gari lililokwisha kupangwa kwa ajili ya mkate na maziwa ni adha. Masafa hayo ndiyo kazi halisi ya baiskeli yako. Yaweke akilini unaposikia muuzaji akisifu baiskeli ya kilomita 120, kwa sababu huenda unalipia uwezo ambao hutauhitaji.

Hatua ya kwanza: pima gari kabla ya kutazama baiskeli

Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamesajiliwa kwa uzito usiozidi kilo 3,500, na sababu kubwa ni leseni: ukomo wa leseni ya kawaida ya gari dogo ni huo. Uingereza, waliofaulu mtihani wa udereva tangu tarehe 1 Januari 1997 nao wanabanwa na ukomo huohuo. Ukishatia maji, gesi, chakula, nguo na abiria, nafasi inayobaki mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Baiskeli ya umeme ya kawaida ina kilo 20 hadi 28, kwa hiyo mbili pamoja na keria, yaani chuma cha kuzibebea nyuma ya gari, zaweza kula kilo 60 au zaidi za nafasi hiyo.

Uzito wenyewe ni nusu tu ya jambo, kwa sababu mahali unapokaa uzito huo pana athari yake. Chukua gari ambalo ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana kwa mita 4, na keria imening'inia mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 60 za keria hiyo huikandamiza ekseli ya nyuma kwa kilo 90, na huinyanyua ya mbele kwa kilo 30. Gari likawa na uzito halali kwa jumla, ekseli ya nyuma bado yaweza kuwa imezidi, na magurudumu ya mbele yamepungukiwa na mkazo wa kushika barabara. Ndiyo maana kilo tano za tofauti kati ya baiskeli moja na nyingine zina maana kubwa hapa kuliko kwa mtu anayeiegesha barazani.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua tangazo lolote:

- Lipeleke gari kwenye mizani ya umma likiwa limejaa kama la safari. Pima uzito wote, kisha kila ekseli peke yake.
- Soma kibao cha gari kinachoonyesha ukomo wa kila ekseli, ulinganishe na vipimo vyako.
- Soma kibandiko cha keria. Nyingi huishia kati ya kilo 35 na 60, na baadhi zina ukomo kwa kila reli pia.
- Kama gari lina gereji ya ndani, pima kimo na upana wa mlango wake, na uulize ukomo wa uzito wa sakafu yake.
- Jiulize kwa uaminifu: unaweza kuinyanyua baiskeli ya kilo 25 hadi usawa wa kifua, mvua ikinyesha? Kama huwezi, tafuta keria inayoshuka au baiskeli nyepesi.

Hatua ya pili: umeme utatoka wapi?

Uwezo wa betri huhesabiwa kwa wati-saa, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina wati-saa 504. Sasa tazama betri ya ndani ya gari, ile inayowasha taa na pampu ya maji. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ukitaka idumu hutumii zaidi ya nusu, yaani 600. Ukiongeza umeme unaopotea kwenye inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na kwenye chaja, kuijaza betri moja ya baiskeli kutoka chini kabisa humaliza karibu akiba yote ya gari. Wawili mkiwa na baiskeli mbili, usiku huo mtakaa gizani.

Kambi zenye plagi za umeme hazina tatizo hilo. Kambi nyingi za Ufaransa hutoa ampea 6 au 10, na hata ampea 6 kwa volti 230 ni zaidi ya wati 1,300, ilhali chaja ya baiskeli kwa kawaida haifiki wati 200. Tatizo huja pale birika la umeme linapowashwa pamoja na chaja mbili, umeme ukakatika. Anayependa kulala mahali pasipo na umeme ana njia tatu: paneli za jua za kutosha na betri ya lithiamu ndani ya gari, kuchaji gari likiwa linatembea, au kuchagua baiskeli yenye betri ndogo. Inveta iwe ya wimbi safi, kwani zile za bei ya chini zenye wimbi la kuigiza zinaweza kuunguza chaja. Jua pia chaja yako inavuta kiasi gani: ya ampea 2 huchukua saa nyingi lakini ni laini kwa gari, ya ampea 4 huenda haraka na huvuta maradufu.

Hatua ya tatu: betri ndiyo unayoinunua

Kwa baiskeli iliyotumika, fremu, breki na cheni ni vitu ambavyo fundi yeyote hodari atavitengeneza kwa gharama ya kawaida. Betri ni habari nyingine. Mpya, ya chapa halisi, mara nyingi hugharimu kati ya pauni 400 na 800, na kwa baiskeli za zamani huenda haitengenezwi tena. Ndiyo maana baiskeli mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana thamani kwa nusu.

Betri za lithiamu huchoka kwa njia mbili: kwa matumizi na kwa umri. Nzuri huvumilia mizunguko kamili ya chaji kati ya 500 na 1,000 kabla ya kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Lakini betri iliyokaa miaka sita kabatini huwa imechoka pia, hasa kama ilihifadhiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa. Basi usidanganyike na kilomita chache. Baiskeli ya miaka mitatu yenye kilomita 4,000 yaweza kuwa na betri bora kuliko ya miaka minane yenye kilomita 600.

Pima uwezo uliobaki dhidi ya kazi yako. Kwenye barabara tambarare, kwa msaada wa wastani, baiskeli hula takriban wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita. Kwenye milima, upepo na mizigo hufika 15 hadi 20. Tuseme betri ya wati-saa 504 imebaki na asilimia 70, yaani wati-saa 353. Acha akiba kidogo, utumie 300. Kwenye tambarare za Uholanzi itakupeleka takriban kilomita 30. Kwenye vilima vya Wales au Alpi haitazidi 20. Betri hiyohiyo, kwa bei hiyohiyo, ni biashara nzuri kwa mmoja na hasara kwa mwingine.

Dai uthibitisho. Maduka yanayohudumia mota za Bosch na Shimano yana vifaa vya kuunganisha kwenye baiskeli na kutoa ripoti: kilomita, mizunguko ya chaji, makosa yaliyojiandika, na kwa baadhi ya mifumo uwezo halisi uliobaki. Muuzaji akikataa kuipeleka baiskeli kwenye kipimo hata ukijitolea kulipa gharama, amekujibu tayari.

Hatua ya nne: mota na umbo

Mota hukaa kwenye kitovu cha gurudumu au katikati, kwenye pedeli. Ya katikati hupanda milima vizuri na uzito wake umekaa pazuri, lakini nguvu yake hupita kwenye cheni na gia, ambazo huisha mapema. Ya kwenye gurudumu ni ya bei nafuu na haiichoshi cheni, ila kuziba pancha kando ya njia kunahitaji kufungua waya na nati kubwa. Kwa safari za tambarare zote zinafaa. Kwa milima, chagua ya katikati.

Baiskeli za kukunjwa zina mvuto kwa sababu huingia gerejini na nyingine zina kilo 15 hadi 20 tu. Magurudumu yake madogo, hata hivyo, hayapendi changarawe, na njia nyingi za kando ya mito ya Ulaya zina vipande vya changarawe. Fremu yenye bomba la chini ni rahisi kuipanda ukiwa na mizigo, lakini keria nyingi hushika bomba la juu, hivyo utahitaji kipande cha kuongeza. Hakikisha keria ina nafasi ya tairi nene kabla ya kununua baiskeli yenye tairi nene.

Hatua ya tano: sheria

Uingereza na Umoja wa Ulaya zinakubaliana katika jambo la msingi: mota isizidi wati 250 za mfululizo, na msaada ukatike kwenye kilomita 25 kwa saa. Baiskeli ya namna hiyo haihitaji leseni wala bima ya gari, na Uingereza mpandaji awe na umri wa miaka 14 au zaidi. Zile za kilomita 45 kwa saa huhesabiwa kama pikipiki ndogo. Zinataka namba, bima na helmeti, na haziruhusiwi kupita kwenye njia nyingi za baiskeli. Baiskeli iliyochezewa ili ikimbie zaidi nayo huangukia kundi hilo, na bima yaweza kukukana siku ya ajali. Kuipima ni rahisi: panda barabarani, fika kilomita 25 kwa saa, usikie kama msaada unakatika. Usipokatika, iache.

Siku ya kuitazama

1. Uliza risiti ya kwanza, namba ya fremu na funguo zote mbili za betri. Bila ufunguo huwezi kuitoa betri, na kwa msafiri wa gari-nyumba betri isiyotoka haina maana.
2. Hakikisha si ya wizi. Uingereza, namba ya fremu hutazamwa bure kwenye BikeRegister. Namba iliyokwaruzwa ni sababu tosha ya kuondoka.
3. Chaja iwe ya asili, yenye jina na volti zinazolingana na betri.
4. Tazama betri yenyewe: mwili uliopasuka, uliovimba, wenye alama ya kuanguka au kutu kwenye meno ya kuunganishia haununuliwi kwa bei yoyote.
5. Washa skrini. Soma kilomita zote, na uone kama namba za makosa zinajitokeza.
6. Panda kilima kwa msaada wa juu kabisa. Betri iliyochoka huporomoka asilimia ghafla kwenye mlima, kisha hupanda tena ukipumzika.
7. Sikiliza mota. Kunguruma kwa upole ni kawaida. Kusaga au kugonga ni beringi.
8. Pima cheni, tazama breki na spoki za gurudumu la nyuma, kisha ukadirie gharama ya kubadili vilivyoisha. Ondoa gharama hiyo kwenye bei.
9. Kama baiskeli inategemea programu ya simu, muuzaji aifute kwenye akaunti yake mbele yako, na wewe uisajili kabla ya kulipa.

Jambo hilo la mwisho lina mfano unaojulikana. Mwezi Julai 2023 kampuni ya Uholanzi ya VanMoof ilitangazwa kufilisika, na wenye baiskeli zake wakaingia hofu, kwa kuwa vipuri vyake vingi ni vya kwake pekee na mfumo wake unategemea programu. Kampuni ilipata mnunuzi baadaye, lakini funzo limebaki: katika vitu vya mkono wa pili, mota inayohudumiwa na mafundi wengi ina thamani kuliko umbo la kupendeza.

Pingamizi tunazozisikia

*“Kwa mtu binafsi ni nafuu kuliko dukani.”* Ni kweli, na nafuu hiyo ina bei yake. Ukinunua kwa mfanyabiashara Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro. Nchi za Umoja wa Ulaya huweka dhamana ya kisheria ya miaka miwili, inayoweza kupunguzwa hadi mwaka mmoja kwa vitu vilivyotumika. Kwa mtu binafsi unabaki na maneno ya tangazo tu. Kampuni zinazokarabati na kuuza tena, kama Upway ya Ufaransa na Rebike ya Ujerumani, hutoza zaidi lakini hutoa dhamana. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza asiyejua kusoma betri, tofauti hiyo inafaa kulipwa.

*“Nitanunua betri ya bei ndogo intaneti.”* Hapa hatuna nafasi ya kubembelezana. Zimamoto wa London wameonya mara nyingi kuhusu moto unaotokana na betri zisizo za asili, vifaa vya kugeuza baiskeli ya kawaida, na chaja zisizolingana. Nyumba ikiungua pana milango na madirisha; gari-nyumba ni chumba kimoja chenye mitungi ya gesi, na kitanda mara nyingi kipo nyuma ya jiko. Cha rahisi, hapa, ni ghali kweli.

*“Kwa nini nisigeuze baiskeli yangu ya zamani?”* Inawezekana, lakini breki na fremu yake hazikuundwa kwa uzito na kasi hiyo, na dhamana ya betri ni ya muuza vifaa usiyemjua. Kwa mgeni wa mambo haya, ushauri wetu ni hapana.

*“Nikihama nitairudisha nyumbani.”* Ndege za abiria hazikubali betri inayozidi wati-saa 160, na betri za baiskeli karibu zote zimepita hapo. Ukitaka kuifikisha Mombasa au Dar es Salaam, panga mzigo wa meli na wakala anayejua taratibu za bidhaa za hatari, na usifiche betri ndani ya sanduku.

Makosa yanayoharibu baiskeli nzima

- Kuendesha gari betri zikiwa kwenye baiskeli zilizofungwa nyuma. Zitoe: keria inapungukiwa kilo 5 hadi 8 kwa baiskeli mbili, na meno ya umeme hayapigwi na maji. Funika meno hayo na uondoe skrini.
- Kuziba taa na namba ya gari. Italia na Hispania zinataka pia kibao cha sentimita 50 kwa 50 chenye mistari myekundu na myeupe inayong'aa kwa mzigo unaotokeza nyuma.
- Kuchaji mkiwa mmelala, au mkiwa mmeondoka. Chaji mkiwa macho, kwenye sehemu ngumu isiyoshika moto, mbali na mlango wa kutokea.
- Kuchaji betri iliyo chini ya nyuzi sifuri. Iache ipate joto la chumba kwanza.
- Kuiacha ndani ya gari lililofungwa jua kali, au kuilaza majira ya baridi yote ikiwa imejaa. Ihifadhi ikiwa na asilimia 30 hadi 60, mahali pakavu penye ubaridi wa wastani, na uitazame kila baada ya miezi michache.
- Kufunga baiskeli kwenye keria pekee. Keria hufunguliwa kwa spana. Tumia kufuli nzito inayopita kwenye fremu, na usiku ingiza betri ndani.

Uamuzi

Wakati mzuri wa kununua ni kuanzia vuli hadi katikati ya baridi, pale wauzaji wanapotaka kupunguza vitu gerejini na wanunuzi ni wachache; hapo una nafasi ya kusubiri na kukataa. Andika karatasi moja yenye majibu matatu: kilo ngapi gari linaweza kubeba nyuma, wati-saa ngapi linaweza kutoa kwa usiku mmoja, na kilomita ngapi za kwenda na kurudi unazohitaji kwa siku. Nenda na karatasi hiyo kwa kila muuzaji. Baiskeli ikishindwa jibu moja, haikufai hata ikishushwa bei. Ikifaulu yote matatu, na ripoti ya betri ikathibitisha, lipa bila kuhangaika na mwaka wa toleo wala rangi, kwa maana vitu hivyo viwili havitakufikisha sokoni.